Bebas Neue, Oswald, League Gothic au Barlow Condensed: ipi ibebe kichwa chako?

Kichwa cha habari cha Kiswahili kinahitaji nafasi. Kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, urejeshi na mtendwa, ukajikuta na neno kama "wanaotutembelea" lenye herufi 15, au "hawatashirikishwa" lenye herufi 17. Katika aya ya kawaida halikusumbui. Likipanda juu ya bango la wima, jalada la kitabu au ukurasa unaofunguliwa kwenye simu, ama utalivunja katikati, ama utalipunguza ukubwa hadi lisiwe kichwa tena. Ndiyo maana wanaosanifu kwa Kiswahili hurudi mara kwa mara kwenye fonti finyu: herufi zilizobanwa ubavuni, zinazokwenda juu kuliko zinavyokwenda pembeni, na zilizochorwa zisomwe zikiwa kubwa.

Nne zinazowakwamisha watu wengi ni Bebas Neue, Oswald, League Gothic na Barlow Condensed. Zote zinapatikana Google Fonts, maktaba ya mtandaoni ya fonti za bure, na zote ziko chini ya leseni ya SIL Open Font License, kwa hiyo unaweza kuzitumia hata kwa kazi ya kulipwa, ukazipachika kwenye tovuti au faili ya PDF bila kumlipa mtu. Lisilokubalika ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Kwa bei basi hakuna cha kulinganisha. Tofauti zilizopo ni za umbo na tabia, na huonekana vizuri pale tu unapoandika maneno yako mwenyewe.

Duara likibanwa

Fonti za kijiometri hujengwa kwa maumbo ya hesabu. Mfano unaojulikana zaidi ni Futura ya Paul Renner, iliyotolewa na kiwanda cha Bauer nchini Ujerumani mwaka 1927, ambayo O yake inakaribia kuwa duara kamili. Sasa jaribu kulifanya duara hilo liwe finyu. Haiwezekani likabaki duara. Msanifu ana njia mbili: alivute liwe kama yai, au alikate katikati na kuingiza kuta mbili zilizonyooka, juu abakize nusu duara na chini nusu duara. Njia ya pili ndiyo inayotumika zaidi katika fonti finyu, kwa sababu kuta zilizonyooka zinapatana na miguu ya H, N na E, na neno zima linapata mdundo mmoja.

Faida hiyo ina gharama. O, C, D, G, Q na sifuri sasa zina kiunzi kimoja, na kinachozitofautisha ni mkato mdogo tu upande wa kulia au kona ya kushoto. Ikiwa unene wa mistari ni mkubwa na tundu la ndani ni dogo, mkato huo huzibika kwanza.

Ufinyu wenyewe una asili mbili, na ninaona kuzijua kunasaidia kuchagua. Ya kwanza ni mchapaji wa mabango wa karne ya 19. Alitaka herufi kubwa kabisa kwenye karatasi ambayo upana wake haukuongezeka, na risasi, madini yaliyotumika kusubu herufi za uchapaji, ilikuwa nzito na ghali kwa herufi za ukubwa huo. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alipata njia ya kutengeneza herufi za mbao kwa wingi, na mabango yakajaa herufi ndefu zilizobanana. Asili ya pili ni mhandisi. DIN 1451, kiwango rasmi cha maandishi kilichokamilishwa Ujerumani mwaka 1936, kilikuwa na aina finyu iliyoitwa Engschrift, iliyochorwa kwa mistari na vipande vya duara ili fundi yeyote aweze kuirudia kwa rula na bikari. Mchapaji alitaka kupaza sauti. Mhandisi alitaka mtu asikosee kusoma. Fonti nne tunazozilinganisha zimesimama sehemu tofauti kati ya wawili hao, na swali lako la kwanza linapaswa kuwa: maandishi yangu yanapaza sauti au yanaelekeza?

Jambo moja kabla ya kuendelea. Usiibane fonti ya kawaida kwa kuivuta kwenye programu. Ukipunguza upana hadi asilimia 60, miguu ya wima inapungua unene hadi asilimia 60 pia, ilhali mistari ya mlalo inabaki na unene wake wote. H inakuwa na miguu dhaifu na mkanda mnene katikati. Fonti iliyochorwa finyu tangu mwanzo imerekebisha hilo herufi kwa herufi.

Vigezo

Nimezipima zote kwa mambo yaleyale.

*Umbo*: kiunzi chake, upana wake, na iko karibu na nani kati ya mchapaji na mhandisi.

*Ndani ya neno*: hapa Kiswahili kina madai yake. A imejaa kila mahali, na mara nyingi imekaa kando ya W, T, Y au V. Andika WATAWALA, TAYARI, KAWAIDA. Kila jozi ya WA, TA au AY huacha pembetatu ya nafasi tupu, na katika fonti ambayo herufi nyingine zote zina kuta zilizonyooka na zimesogeleana, pembetatu hiyo inaonekana kama pengo la jino. Kwa herufi ndogo tatizo ni kinyume chake. "Muumini" na "umuhimu" ni miguu ya wima mitupu, na jicho linaweza kupotea kama linavyopotea kuhesabu fito za ua.

*Uzito*: fonti ina unene wa aina ngapi, na unaweza kujenga ngazi za kichwa, kichwa kidogo na maelezo bila kuazima fonti nyingine?

*Skrini na karatasi*: inavyostahimili udogo, umbali na wino.

*Inamfaa nani*: kazi gani inaikubali, na gani inaikataa.

Onyo dogo kuhusu kupima: ukubwa wa fonti kwenye programu hauko sawa na kimo cha herufi. Herufi kubwa za Bebas Neue huchukua takriban asilimia 70 ya ukubwa ulioandika. Za Oswald huchukua takriban asilimia 80. Ukiziweka zote 60, Oswald itaonekana kubwa na pana zaidi, na utadhani umegundua jambo. Zilinganishe zikiwa na kimo kimoja cha herufi kubwa, hapo upana wake ndio unaosema kweli. Kwa kimo kimoja, League Gothic ndiyo finyu kuliko zote, Bebas Neue inafuata, halafu Oswald na Barlow Condensed zinakaribiana kutegemea uzito uliochagua.

Bebas Neue

*Umbo.* Ilisanifiwa na Ryoichi Tsunekawa wa Dharma Type, Japani, na kutolewa mwaka 2010 kama mwendelezo wa Bebas yake ya mwaka 2005. Kati ya nne hizi ndiyo ya kijiometri zaidi. Kuta zimenyooka kabisa, kona zina mviringo mfupi, unene wa mistari karibu haubadiliki, na ncha za C na S zimekatwa kwa mlalo. Haina mapambo wala kumbukumbu ya kalamu. Usafi huo ndio uliofanya ionekane kwenye mabango na vichwa vya video kila mahali, na ndio pia unaofanya baadhi ya wasanifu waichoke. Binafsi sioni kwamba kuenea kwake ni kosa lake. Ukiwa na maneno mawili yenye nguvu, bado ni vigumu kupata fonti ya bure inayoyasimamisha vizuri zaidi.

*Ndani ya neno.* Haina herufi ndogo. Ukibonyeza a, unapata A. Kila neno linakuwa mstatili wa kimo kimoja, bila mkia unaoshuka wala shina linalopanda, na hii ni zawadi kwa anayepanga maneno kwa kurundika: mstari wa pili unaweza kukaa karibu sana na wa kwanza, hata nafasi ya mistari ikiwa ndogo kuliko ukubwa wa fonti wenyewe, na hakuna kinachogongana. Unaweza kuchukua sentensi ya maneno matano, ukayapanga mistari mitano, kila neno ukalikuza hadi lijaze upana uleule, na ukapata bango kamili bila picha.

Lakini mstatili huo ndio udhaifu wake sentensi inaporefuka. Tunayatambua maneno kwa sehemu kwa sura yake ya juu na chini, na Bebas Neue imeifuta sura hiyo. Kichwa cha maneno manne kinasomeka mara moja. Aya ya maneno arobaini inachosha. Majina na vipimo vinavyotegemea herufi ndogo navyo vinaumia: km inakuwa KM, kWh inakuwa KWH. Na kwenye ukubwa wa bango, pitia jozi za WA na TA mwenyewe, uzisogeze kwa mkono. Maneno yenye ng' yanahitaji jicho pia: tumia alama ya ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka ya kibodi, na hakikisha haijaacha ufa mpana kati ya G na herufi inayofuata.

*Uzito.* Google Fonts ina mmoja tu. Mwaka 2014 Fontfabric, kampuni nyingine ya fonti, waliongeza uzito mwepesi zaidi, kwa hiyo ukitafuta nje ya Google utapata familia ndogo. Baadaye Dharma Type walitoa Bebas Neue Pro yenye herufi ndogo na mlazo (herufi zilizoinama), lakini hiyo ni ya kununua. Uzito mmoja unaleta shida moja ambayo waandishi wa Kiswahili wataikuta haraka. Vichwa vyetu vimejaa viunganishi vifupi: ya, wa, cha, na, kwa. Msanifu hupenda kuvipunguza ili maneno makuu yatawale. Ukipunguza "CHA" hadi nusu, mistari yake inakuwa nusu ya unene wa jirani zake, na inaonekana kama imetoka fonti nyingine. Fonti yenye uzito wa aina nyingi ingekuruhusu kuichagulia "cha" uzito mkubwa zaidi ili unene ulingane. Hapa huna uwezo huo.

*Skrini na karatasi.* Kubwa ni nzuri pote pawili. Chini ya ukubwa wa kichwa kidogo, ongeza nafasi kati ya herufi, la sivyo kuta zinaungana. Kwenye tovuti, andika maandishi kwa herufi za kawaida na uiache fonti iyageuze yenyewe. Fonti ikichelewa kupakuliwa, msomaji ataona sentensi yenye mpangilio wa kawaida, na visomaji vya skrini vinavyotumiwa na wasioona havitapata sababu ya kutamka neno zima herufi moja moja kama kifupisho.

*Inamfaa nani.* Anayetengeneza bango, jalada, kichwa cha video au namba kubwa. Haimfai mwenye maelezo mengi.

Oswald

*Umbo.* Vernon Adams, msanifu Mwingereza, aliitoa mwaka 2011. Aliichukua sura ya fonti za Alternate Gothic za mwanzoni mwa karne ya 20 na kuichora upya ili ikae vizuri kwenye pikseli za skrini za kawaida. Adams alifariki mwaka 2016; wasanifu wengine wameiendeleza kazi yake, wakaiongezea herufi za Kisirili (zinazoandikia Kirusi) na kuifanya fonti badilifu, ambayo faili moja hubeba uzito wote. Si ya kijiometri kwa maana kali. Mikunjo yake ina uhai kidogo, mistari hupungua unene inapoungana, na herufi zina upana wa kutosha kupumua. Ni mtoto wa mchapaji aliyelelewa na skrini.

*Ndani ya neno.* Ina herufi kubwa na ndogo, na herufi ndogo zake ni ndefu kwa kimo, kwa hiyo "mawasiliano" halionekani dogo kando ya M kubwa. "Muumini" linasomeka kwa sababu kona za juu za m na n zimechongwa kuingia ndani kidogo, jicho likaona mahali mguu unapoanzia. Kwa herufi kubwa haibani kama Bebas Neue, na pengo la WA halishtui sana, kwa kuwa herufi za jirani nazo hazijasogeleana mno.

*Uzito.* Sita, kutoka 200 hadi 700 kwa namba zinazotumika kupima unene, ndogo ikiwa nyembamba. Hakuna mlazo. Kichwa, kichwa kidogo, jina la mwandishi na tarehe vyote vinaweza kutoka hapa, na mbinu ya kulinganisha unene wa "cha" inawezekana. Ukihitaji kusisitiza jina la kitabu ndani ya kichwa, tumia uzito. Usikubali mlazo wa bandia unaotengenezwa na programu kwa kuiinamisha fonti.

*Skrini na karatasi.* Skrini ndiyo nyumbani kwake. Angalia jambo moja: nafasi ya mistari iliyojengewa ndani ni kubwa, karibu mara moja na nusu ya ukubwa wa fonti. Kichwa cha mistari miwili kitaonekana kimeachana kama vichwa viwili. Weka nafasi ya mistari mwenyewe, na uongeze kidogo pale mikia ya g, j na y ya mstari wa juu inapokutana na mashina ya k, l na h ya mstari wa chini. Kwenye karatasi iko sawa, ingawa ikikuzwa sana haina mshindo wa Bebas Neue wala wa League Gothic. Ilichorwa kwa kazi ya kila siku, na inaonekana hivyo.

*Inamfaa nani.* Tovuti za habari, blogu, jarida la kidijitali, taarifa zenye vichwa vingi vya ngazi tofauti.

League Gothic

*Umbo.* Hii inatoka moja kwa moja kwa mchapaji. Morris Fuller Benton aliisanifu Alternate Gothic kwa ajili ya American Type Founders mwaka 1903, katika upana wa aina tatu, na The League of Moveable Type, kundi linalotoa fonti huria, wakaifufua ile namba 1, iliyo finyu kuliko wenzake, wakaitoa kwa leseni huria mwaka 2009. Ndiyo maana Oswald na League Gothic zinafanana kama binamu: zina babu mmoja. Lakini League Gothic imebaki na ukali wa risasi na wino. Ni nzito, ndefu, matundu yake ya ndani ni ufa mwembamba, na mikunjo yake haijasawazishwa kwa bikari. Ukiitazama karibu, O yake ina kuta zilizonyooka kama za Bebas Neue, ila mviringo wa juu una mvutano wa mkono wa fundi.

*Ndani ya neno.* Hakuna kati ya nne hizi inayomeza neno refu kama hii. "Hawatashirikishwa" litakaa kwenye safu ambayo nyingine zitalikataa. Toleo la Google Fonts lina kitu adimu: unabadilisha upana badala ya uzito, kutoka asilimia 100 hadi 75. Kwa Kiswahili huu ni uwezo mkubwa. Kichwa kikizidi mstari kwa herufi mbili, unapunguza upana kidogo, na kwa kuwa ufinyu huo umechorwa ndani ya fonti, miguu haiharibiki. Usiweke tu upana wa 100 na wa 75 kwenye kichwa kimoja, msomaji ataona.

Herufi ndogo zipo na zina sura nzuri, lakini "umuhimu" na "muumini" zinaanza kuwa ngumu. Kwa maneno ya aina hiyo, ongeza nafasi kati ya herufi kwa kiasi kidogo sana. Ukiongeza nyingi unauvunja ule mshikamano uliokufanya uichague.

*Uzito.* Mmoja. Yote niliyosema kuhusu viunganishi chini ya Bebas Neue yanarudi hapa, ila angalau "cha" unaweza kuiandika kwa herufi ndogo kwa ukubwa uleule, na mara nyingi hiyo inatosha.

*Skrini na karatasi.* Karatasi kwanza. Kwenye skrini, chini ya ukubwa wa kichwa kikuu, ufa wa ndani wa e, a na s unajaa, na neno linakuwa doa. Hata kwenye karatasi, ikiwa wino unasambaa au karatasi ni ya kunyonya, chapisha sampuli kabla ya kuamua. Kwa mabango ya mbali, wachoraji wengi hutumia kadirio la sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Kadirio hilo ni la herufi za kawaida, na kwa fonti iliyobanwa hivi ningeongeza kimo bila kusita.

*Inamfaa nani.* Vichwa vya gazeti au jarida la kuchapwa, mabango ya tamasha, majalada yenye kichwa kirefu.

Barlow Condensed

*Umbo.* Jeremy Tribby aliitoa mwaka 2017 kama sehemu ya familia ya Barlow, akichukua sura ya namba za magari, alama za barabara kuu, mabasi na treni za California. Hapa tuko upande wa mhandisi. Mistari ina unene unaokaribia kulingana, pembe zimelainishwa kidogo sana, na herufi zinatofautishwa kwa uangalifu. Kwa sura ya jumla inakaribia udugu na fonti za viwango kama DIN kuliko mabango ya mbao.

*Ndani ya neno.* Si finyu mno, na hilo ni la makusudi. Matundu ya ndani yana nafasi. "Muumini" linasomeka hata likiwa dogo, na WATAWALA halina mapengo ya kutisha kwa sababu nafasi kati ya herufi zote ni ya ukarimu tangu mwanzo. Neno la herufi 17 litakuhitaji upunguze ukubwa, au uchague uzito mwepesi ambao unachukua upana mdogo zaidi.

*Uzito.* Tisa, kila mmoja na mlazo wake uliochorwa kweli. Na kwa kuwa familia ina upana wa aina tatu, jumla ni mitindo 54: kichwa kwa Barlow Condensed, maelezo ya picha kwa Barlow Semi Condensed, aya kwa Barlow ya kawaida, na ukurasa wote unaongea lugha moja. Hakuna mwingine hapa anayetoa hilo. Hatari yake ni wingi. Anayeanza hupakia mitindo kumi kwenye tovuti na kuifanya ichelewe kufunguka. Chagua mitatu au minne.

*Skrini na karatasi.* Inastahimili udogo kuliko wenzake wote watatu: majedwali, ratiba, lebo za ramani, vitufe. Uzito wa 100 na 200 uuweke kwa maandishi makubwa tu. Ikikuzwa sana kwenye bango, upole wake unaonekana: inaeleza vizuri, lakini haigongi meza.

*Inamfaa nani.* Alama za kuelekeza watu ndani ya jengo, programu za simu, ripoti zenye takwimu, ratiba, taasisi inayotaka familia moja kwa kila kitu.

Mbili za pembeni

Anton, nayo ya Vernon Adams, ni nzito zaidi na ina uzito mmoja. Ni chaguo ukiona Bebas Neue ni nyepesi na unataka herufi ndogo. Teko ya Indian Type Foundry ina kuta za mraba zaidi kuliko zote zilizotajwa, na inabeba herufi za Kidevanagari (zinazoandikia Kihindi) pamoja na za Kilatini, jambo la maana kwa anayechapisha lugha mbili.

Kwa hali yako

Kabla ya kuamua, andika kichwa halisi, si alfabeti. Weka fonti mbili unazosita kati yake kwa kimo kimoja cha herufi kubwa. Kisha ipunguze picha hadi iwe na upana wa kidole gumba, na uangalie neno gani linakufa kwanza.

Kama una maneno machache yanayopaswa kujaza nafasi kubwa, na hakuna haja ya herufi ndogo, anza na Bebas Neue. Jipe muda wa kusogeza jozi za herufi kwa mkono.

Kama maneno yako ni marefu na upana wa ukurasa hauongezeki, na kazi inakwenda kuchapwa, League Gothic itakuokoa, hasa kwa uwezo wake wa kubadilisha upana.

Kama unaendesha tovuti yenye vichwa vipya kila siku, vinavyoandikwa na watu tofauti ambao hawatakaa kurekebisha nafasi za herufi, Oswald itavumilia mengi. Weka nafasi ya mistari mara moja kwenye mtindo wa tovuti. Pia chagua fonti mbadala iliyo finyu, maana Oswald ikichelewa kupakuliwa na mahali pake pakakaliwa na fonti pana, kichwa cha mstari mmoja kitakuwa mistari miwili na ukurasa wote utaruka.

Kama msomaji wako anatafuta njia, saa, namba au kitufe, chukua Barlow Condensed, hata kama kwenye sampuli inaonekana haina msisimko.

Na kama kazi ina pande zote mbili, bango la tamasha lenye ratiba ndefu chini yake kwa mfano, usilazimishe fonti moja. Jina la tamasha kwa League Gothic au Bebas Neue, ratiba kwa Barlow Condensed. Usiziweke League Gothic na Oswald kwenye ukurasa mmoja: zinafanana kiasi cha msomaji kudhani umekosea, na hazitofautiani kiasi cha kuonekana umekusudia.

Kichwa chenye ng' nyingi, au majina yenye alama juu ya herufi, kiandike chote kwenye fonti uliyochagua kabla ya kulipia uchapaji, kisha ukikuze kwenye skrini na kupitia kila ritifaa.